Mwacheni Akimbie Kwanza, Ndo Mumwambie Akae

Haya ndo niliyoyasema Jumamosi kwenye kikao cha wazazi na walimu shuleni kwetu huku Mabatini, Mwanza. Wazazi waliokosa kufika waliomba niyaandike, nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni.

Mwangaluka ndugu zangu. Mhola? Haya. Shikamooni wazee wangu, bwana mwenyekiti wa kamati ya shule, mwalimu mkuu, walimu wenzangu, mama zangu mlioacha mzigo sokoni Mwaloni mkapanda daladala kuja kukaa kwenye kikao, asanteni sana, najua Jumamosi ni siku ya biashara na mwenye dagaa zake juani hawezi kukaa ametulia wakati wingu linafunga kule ziwani, kwahiyo sitawachelewesha.

Nimepewa dakika kumi na tano kuzungumzia watoto wasiotulia. Kwenye ajenda iliandikwa "nidhamu", nikamuomba mwalimu mkuu tulitoe hilo neno kwasababu ninachotaka kusema sio nidhamu.

Naanza na kitu nilichokiona kwa macho yangu. Miaka mitano nyuma mwanangu wa pili alikuwa darasa la kwanza, shule nyingine sio hii, siku hiyo kasahau daftari, na kusahau daftari kwake ilikuwa kawaida kama kula, nikaona nimpelekee. Nimefika saa 4:30, mapumziko. Uwanja mzima vumbi, wasichana wanacheza rede, wavulana chandimu, wengine wamepanga foleni ya uji, makelele hayo. Wa kwangu yuko ukutani nje ya darasa amepiga magoti, mikono juu, peke yake. Chini changarawe. Nilisimama pale hajaniona, nikawa namwangalia. Mikono inatetemeka, jasho linamtoka, kila mpira ukipigwa shingo inageuka alafu anajikumbuka anairudisha. Sasa nikaangalia miguu. Vidole vya miguu vilikuwa vinacheza. Yani mwili mzima umefungwa, kilichobaki huru ni vidole kumi vya miguu, na vyote kumi vilikuwa vinakimbia.

Nikauliza kafanya nini. Nikaambiwa, mama huyu hakai, kipindi kizima anazunguka, anagusa vya wenzake, anajibu swali halijaisha, kwahiyo nimemnyima mapumziko ajifunze kukaa.

Sitaitaja hiyo shule wala huyo mwalimu, na sikumgombeza, kwasababu na mimi ni mwalimu na nilikuwa nafanya vilevile. Miaka nane nilikuwa nawanyima mapumziko watoto walewale ambao waliyahitaji kuliko darasa zima. Wengine walishaolewa, wengine wako mgodini Geita huko, wengine wanaendesha boda hapahapa mjini na wananisalimia vizuri tu. Hilo linaniuma mpaka leo na ndo limenisimamisha hapa.

Majina aliyoitwa yule mtoto nyie mnayajua, hata humu ndani yanatumika. Ana mapepe. Kichwa kigumu. Mtukutu. Bibi yake akasema kuna mkono wa mtu, twende tukaangaliziwe. Jirani akasema ni malezi, mama yake anashinda kazini. Nilipiga, sitaficha, nilipiga mpaka siku moja nikaona namchapa kwa kosa ambalo hata yeye halikumbuki, ananiangalia kwa mshangao wa kweli kabisa. Nikaiweka ile fimbo juu ya kabati. Sijaishika tena.

Tulipofika kwa daktari wa afya ya akili ya watoto hakutoa jibu siku ileile. Aliuliza mno. Yukoje nyumbani, yukoje shule, kanisani anakaaje, alianza lini, analala saa ngapi, aliwahi kulazwa na malaria iliyopanda kichwani, maana malaria ya namna hiyo inaweza kupona ikamwachia mtoto shida ya umakini. Wakampima masikio na macho, kwasababu mtoto asiyesikia vizuri naye anaonekana mtukutu. Akaniambia ili waseme ni ADHD, yani hali ya ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kutulia au kushika umakini, lazima dalili ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, zimekaa miezi 6 au zaidi, na zinaonekana sehemu zaidi ya moja, sio shule tu au nyumbani tu. Kwahiyo naomba mtu asitoke hapa akaanza kumbandika mtoto wa jirani jina. Kazi ya kupima ina wenyewe.

Ila akaniambia na hili, na nataka mama mmoja humu ndani, sijui ni nani, alibebe leo: sio wewe uliyeharibu. Hii kitu inatembea sana kwenye damu ya ukoo, kama urefu unavyotembea. Sio pepo, na fimbo haiiondoi. Dunia nzima inakadiriwa watoto kama 5 katika kila 100 wako hivyo. Darasa ninalofundisha, darasa la pili, lina watoto 89. Pigeni hesabu wenyewe, ni wanne au watano, na ukiniambia niwataje nakutajia sasa hivi bila kufungua rejista.

Na sio wavulana tu. Msichana wa namna hii mara nyingi hazunguki, anakaa kimya anaangalia dirishani, unamuita mara tatu, daftari lina nusu ya kazi. Huyo hatumpigishi magoti, tunamsahau. Sijui kipi kibaya zaidi.

Sasa inakuwaje. Mimi niliielewa kwa taa za dagaa. Wote tumeziona usiku zile taa kule ziwani, mvuvi anawasha taa, anaiacha itulie, dagaa wanajikusanya kwenye mwanga alafu ndo anazungusha nyavu. Mtoto mwenye ADHD taa anayo na mwanga upo, wakati mwingine mkali kutuzidi. Shida mtumbwi unayumba. Taa ikiyumba dagaa hawakusanyiki, ukimpigia mvuvi kelele kutoka ufukweni "kusanya dagaa" unamuonea bure.

Kitaalamu ni kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, hapa nyuma ya paji la uso, ndo inayotusaidia kungoja, kupanga, kushika jambo moja mpaka liishe. Inategemea sana kemikali mbili, dopamini na noradrenalini. Kwa watoto hawa huo mfumo unafanya kazi tofauti. Na mtoto akikimbia kweli, moyo ukapiga, jasho likatoka, hizo kemikali zinapanda. Dawa ambazo madaktari wanawapa watoto wa ADHD, kama methilifenideti, nazo zinagusa hizohizo kemikali mbili. Nilivyoambiwa hivyo nilinyamaza. Nikaviona vile vidole vya miguu pale ukutani. Kumbe mtoto alikuwa anajitafutia.

Na sio mimi tu mama ninayefikiria hivyo. Mwaka 2015 watafiti wa chuo kikuu kimoja cha Florida walitoa majibu yao, waliwapa watoto kazi ya kukumbuka vitu kichwani huku wanaangalia mwili unafanya nini. Wale wenye ADHD walipokuwa wanajinyonganyonga zaidi kwenye kiti ndo walikumbuka vizuri zaidi. Watoto wasio na ADHD ilikuwa kinyume. Sasa fikiria sisi walimu tumetumia nguvu kiasi gani kumwambia "kaa vizuri ndo utaelewa", kumbe kwa huyu tunachomwambia ni acha kuelewa.

Mwaka 2013 kule Illinois walichukua watoto 40 wa miaka 8 mpaka 10, nusu wana ADHD nusu hawana. Siku moja mtoto anatembea kwa kasi dakika 20 kwenye mashine, siku nyingine anakaa dakika 20 anasoma. Baada ya pale wanapimwa. Siku ya mazoezi wote walifanya vizuri zaidi kwenye umakini, kusoma na hesabu. Wote, hata wasio na shida. Dakika 20! Sisi mkutano wa asubuhi wa paredi peke yake, matangazo na kukagua kucha, unakula zaidi ya hizo na watoto wamesimama wima juani.

Utafiti ninaoupenda mimi ni mwingine wa 2015, wa shule za watoto wadogo Marekani. Watoto kama mia mbili, kila siku kabla ya masomo dakika 31 za kukimbia na michezo ya jasho, wiki 12. Kundi lingine walikuwa na shughuli za kukaa darasani. Makundi yote mawili yalipata nafuu kidogo, lakini waliokimbia walipata nafuu zaidi, kupoteza umakini kulipungua na kule kununanuna na kubadilika hisia pia, hasa nyumbani.

Ndugu zangu, kabla ya masomo, dakika thelathini, watoto wadogo, kila siku. Hiyo kitu sisi tuna jina lake. Mchakamchaka!

(Hapa watu walipiga makofi, na mzee mmoja nyuma akaanzisha wimbo wa mchakamchaka, tukaimba kidogo.)

Asante mzee. Mnaona, wimbo bado upo kifuani. Sisi tuliosoma zamani tulikuwa tunafika shule giza halijaisha vizuri, tunapanga mistari, kiongozi anaanzisha sisi tunaitikia, miguu inapiga chini pamoja, tunazunguka mtaa mpaka watu wanaamka. Hakuna aliyetuambia ni tiba ya kitu chochote. Lakini nakumbuka kuna mwenzetu darasani alikuwa hakamatiki, yeye ndo alikuwa anaanzisha nyimbo, mbele kabisa, na kipindi cha kwanza mpaka cha pili alikuwa mtu. Kuanzia cha tatu ndo anaanza. Sasa naelewa. Shule nyingi mchakamchaka umekufa, au umebaki siku mojamoja, tumeweka vipindi vya ziada na majaribio asubuhi, tumeona kukimbia ni kupoteza muda. Mi nasema hatukujua tulichokitoa.

Niwaambie nyumbani kwangu tulifanya nini, maana mtu anaweza kudhani inahitaji hela. Nilikuwa na kamba ya nyavu chakavu, nimeipata Mwaloni, nimeikata urefu wa mtoto, ncha nimezichoma na kiberiti zisifumuke. Akirudi shule hagusi daftari. Anakunywa maji, anaruka kamba 100, anapumzika kidogo, 100 tena, mara tatu. Siku za kwanza hafiki hata 20, anakasirika anatupa kamba, anairudia. Alafu anapanda mawe. Sisi wa Mabatini Mungu katupa mawe, nyumba yangu iko juu, kutoka bombani mpaka mlangoni kuna ngazi za mawe 74, amezihesabu yeye, anapanda na kushuka mara nne, anajifanya anamkimbiza mtu. Akirudi shati limelowa namuweka mkekani kwenye kivuli, hesabu tano, sio kumi na tano. Tano. Na chini ya miguu nimemuwekea jiwe la duara analivingirisha na unyayo muda wote anaandika. Jiwe linalia gru gru gru kwenye sakafu, nimelizoea, likinyamaza najua mawazo yameshaondoka.

Wiki ya kwanza sikuona kitu. Wiki ya tatu, siku moja Jumatano, alimaliza zile tano akaniuliza, "mama zimeisha?" Ndo mara ya kwanza kazi iliisha yeye bado yupo.

Sisemi amepona, msitoke hapa mkasema mwalimu kasema kamba inaponya. Nguvu ya mazoezi inakaa kwa muda alafu mtumbwi unaanza kuyumba tena, kwahiyo ni kila siku, na siku za mvua tusipotoka naona tofauti kabla ya saa mbili usiku. Na kuna watoto wanahitaji dawa, daktari akisema dawa basi ni dawa, mazoezi yanakaa pembeni yake hayamfukuzi. Wangu alitumia dawa kwa kipindi na zilimsaidia. Mama anayeficha kwamba mtoto wake anatumia dawa asijifiche kwangu.

Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 mpaka 17, awe na shida au asiwe nayo, apate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuchangamsha mwili. Sio lazima mfululizo. Kombolela, rede, kuruka kamba, kidali po, mpira, vyote vinahesabika. Na michezo inayomlazimu mtoto kufikiri huku anakimbia, angoje zamu, akwepe mpira, afuate mdundo, hiyo inafundisha ubongo vitu viwili kwa pamoja. Rede ni hivyo! Unakimbia, unaangalia mpira, unahesabu, na lazima uzuie mwili usiruke kabla. Wavulana wetu wanaambiwa rede ni ya wasichana. Waacheni wacheze.

Kuna wengine wamepima matembezi, mtoto mwenye ADHD akitembea dakika 20 kwenye bustani yenye miti alishika umakini vizuri kuliko akitembea dakika hizohizo mjini kwenye majengo. Kwahiyo ukiwa na safari ya kumtuma, mpitishe njia yenye kijani badala ya barabara ya boda. Hata kiusalama ni bora, maana watoto hawa wanavuka barabara bila kuangalia na hilo ndo linaninyima usingizi kuliko alama za mtihani.

Sasa ziwa. Najua mnalifikiria, maana nikisema michezo mtoto wa Mwanza anasikia kuogelea. Kuogelea ni mchezo mzuri mno kwa watoto hawa. Yule Mmarekani Michael Phelps aligunduliwa ana ADHD akiwa na miaka 9, mama yake mwenyewe alikuwa mwalimu, na kwenye maji ndo alipotulia, akaja kubeba medali 28 za Olimpiki, 23 za dhahabu. Lakini hilo lilikuwa bwawa na kocha. Hapa kwetu maji ya ufukweni, hasa penye majani na konokono, yana kichocho, mdudu anapita kwenye ngozi bila mtoto kuhisi. Na kuzama. Mtoto anayefanya kabla ya kufikiri ndo wa kwanza kuruka kwenye kina. Kwahiyo naomba, na nasema kwa ukali kidogo, mtoto huyu usimuache aende ziwani na wenzake tu. Kama unaweza kumpeleka kwenye bwawa lenye mtu wa kumfundisha, mpeleke. Kama huwezi, tuna nchi kavu ya kutosha.

Darasani nimejaribu kitu kimoja ambacho walimu wenzangu mlisikia kelele zake mkadhani nimewaacha watoto. Mliofika Bujora kwenye makumbusho ya Wasukuma, au mliowahi kuona ngoma ya bugobogobo popote, mnajua wale vijana wanavyocheza na majembe, ngoma inapiga, jembe linarushwa linadakwa, mguu uko kwenye mdundo. Ngoma ya watu wa shamba, ilikuwa inawasukuma walime pamoja bila kuchoka haraka. Mi sina majembe darasani na nina watoto 89 wamebanana wanne kwenye dawati. Kwahiyo tunasimama palepale. Mtoto mmoja anapiga dawati, wengine wanapiga miguu, mikono inarusha jembe ambalo halipo na kulidaka. Dakika nne, kati ya hesabu na Kiswahili. Anayepiga ngoma kila siku ni mmoja wa wale wanne watano niliowaambia. Zamani alikuwa anapiga dawati nikimzuia, sasa anapiga nikimuomba, na akimaliza anakaa. Napoteza dakika nne, napata ishirini za kusikilizwa.

Mwalimu mmoja kaniuliza, silabasi je? Ndugu yangu, silabasi inaisha ubaoni, kichwani haijaingia. Nimefundisha hivyo miaka mingi najua.

Kwahiyo maombi yangu kwa kikao ni matatu na nimeshamwandikia mwalimu mkuu. La kwanza, hapa shuleni kwetu kumnyima mtoto mapumziko isiwe adhabu tena, kwa kosa lolote. Tutafute nyingine. Afute ubao, achote maji ya kumwagia miti, abebe madaftari ofisini, kitu cha kutembea. La pili, mchakamchaka urudi, siku zote tano, dakika thelathini, na mtoto asiye na viatu akimbie kwenye nyasi upande wa vyoo vipya ambako hakuna chupa. La tatu ni kwenu wazazi. Mtoto akitoka shule asikalishwe kwenye daftari kabla hajacheza, na kucheza sio simu.

Wazazi wenye mtoto wa namna hii mkitaka kuongea na mimi, sio hapa mbele ya watu, nipo chini ya mwarobaini kila Ijumaa baada ya kipindi cha mwisho. Njooni na baba zao pia. Baba mmoja alikuja mwezi uliopita, alikaa kimya robo saa alafu akasema "mwalimu, hata mimi nilikuwa hivi." Tuliongea mpaka jua likazama.

Jumatatu saa 1:00 asubuhi nipo uwanjani na filimbi, naanza na darasa la pili na la tatu, kamati ikikubali tutaongeza. Mzee uliyeanzisha wimbo, nakuomba uje, watoto hawazijui zile nyimbo. Na nyie wa Mwaloni, kamba za nyavu zilizochakaa msizichome moto. Nahitaji vipande 89, kila kimoja hatua tatu za mtu mzima, ncha nitazichoma mwenyewe.